Nilifika Saa Tatu, Fika Ilikuwa Saa Tisa

Mmeniuliza mpaka nimechoka. Kanisani mnaniuliza, sokoni mnaniuliza, na juzi msibani mtu aliacha kulia akanigeukia: "Ma Koku, hebu tueleze, kule China ilikuwaje, na kwa nini sanduku la mashine limeandikwa vile?" Basi nimekaa chini nimeandika. Atakayeuliza tena baada ya hapa nitajua hajui kusoma.

Habari za viza, tiketi na mihuri nimeziruka. Zilikuwa ndefu na hakuna aliyecheka.

Bukoba hadi Addis

Mnajua nilivyotumwa. Kikundi chetu cha akina mama kumi na wawili, wakulima watupu, kilikuwa kimechoka kuuza buni mbichi na kusikia kwamba huko mbele watu wanazikaanga na kuzinywa kwa mbwembwe. Tukajichanga misimu mitatu tununue mashine ndogo ya kukaangia. Mashine zilikuwa China, kama kila kitu miaka ile. Nikachaguliwa mimi kwa sababu moja tu, kwamba nilisema najua Kiingereza, na hakuna aliyekijua vya kutosha kunipinga.

Ma Justina, mwenyekiti wetu, alinisindikiza hadi bandarini. "Ma Koku," akasema, "ukipewa mashine mbovu usirudi nayo. Na wewe mwenyewe usirudi." Alicheka, lakini mkono wangu hakuuachia upesi.

Begi langu lilikuwa na vitu vitatu vya maana: kilo tano za buni zetu za kujaribia mashine, senene wa kukaanga wa kunitoa upweke, na mfuko wa akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna ambazo tunazichemsha na majani, tunazianika, halafu tunampa mgeni kabla hata hajavuta kiti. Senene waliishia Mwanza. Nilikuwa mpweke mapema.

Addis ndege ilichelewa saa sita nzima. Pale uwanjani kulikuwa na dada mmoja mwenye jiko dogo na birika jeusi, anakaanga na kutwanga kahawa hapo hapo mbele ya abiria, harufu imetanda kote. Akaniuliza nataka kikombe kimoja au viwili. Nikamwambia nataka chai.

"Unatoka wapi?" akauliza.

"Tanzania. Bukoba. Sisi ni wakulima wa kahawa."

"Halafu unakunywa chai?"

"Ya maziwa," nikamwambia, "kama ipo."

Aliniletea kwa huzuni, kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Mimi sikuona ajabu yoyote. Nani kati yetu anakunywa kahawa? Kahawa ni ya kuuza, na ya mgeni kutafuna. Sisi ni wa chai.

Xiaobei

Guangzhou nilipokelewa na Mwanahawa, binti wa Tanga anayesomea famasia huko kwa ufadhili, ambaye siku asizokuwa na vipindi huwatafsiria wafanyabiashara. Alishuka kwenye teksi na baibui lake na begi la vitabu, akaniamkia "Shikamoo mama" katikati ya kelele za Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na mimi nikajisikia nimeokoka mara ya pili.

Hoteli ilikuwa juu ya maduka ya jumla. Ukitoka mlangoni unapita katikati ya maboksi na watu wanaofunga mizigo kwa utepe wa gundi, na kila asubuhi Mkongo mmoja wa kago alinikamata ngazini: "Maman! Kargo? Bei ya Mama, pas cher, si ghali!" Nikimwambia sina mzigo bado, ananiambia basi nikaupate, yeye atangoja. Chini kulikuwa na Waislamu wa Kichina wanaouza tambi na mishikaki ya kondoo, mitamu kweli. Shida ilikuwa chai. Niliomba chai ya maziwa nikaletewa bilauri ya maji ya moto yenye majani yanayoelea. Nikangoja maziwa. Nikaendelea kungoja. Mhudumu akadhani nimemaliza, akaongeza maji.

"Mama," Mwanahawa akaniambia, "nakupa maneno matatu ya kuishi nayo hapa. *Laoban*, ndiye bosi. *Tai gui le*, bei kali mno. *Bu hao*, kitu si kizuri. Basi, umemaliza."

"Na samahani wanasemaje?"

"Ya nini, mama? Sokoni hulihitaji hilo."

Nikaona ni mtoto mwenye akili.

Karakana

Karakana ya mashine ilikuwa nje ya mji kidogo, chini ya jengo refu la ofisi. Mwenyewe ni mwanamke, Huang laoban, mfupi, mikono ya mtu wa kazi, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mota. Mashine yetu ilikuwa imesimama katikati, imesuguliwa mpaka nilijiona uso. Nilimpenda yule mama papo hapo. Mapenzi yetu yalidumu dakika ishirini.

Fundi wake alimimina buni zetu ndani ya pipa la mashine, akawasha moto, likazunguka. Zilipotoka zilikuwa nyeusi kama mkaa kwa nje. Nikaipasua moja kwa meno: ndani mbichi.

"*Bu hao*," nikasema.

Wakarudia. *Bu hao.* Kesho yake, Jumatano, nikarudi na Mwanahawa, wakarudia tena, na mimi nikarudia tena. Neno lenyewe nilikuwa nimeshalizoea, nalivuta mwishoni. Huang laoban akachemka. Alisema maneno mengi, na Mwanahawa akayapunguza kwa adabu: "Mama, anasema mashine yake haina kasoro. Anasema kahawa yako ndiyo *bu hao*."

Hapo alinigusa pabaya. Mwambie, nikamwambia Mwanahawa, mimi nimezaliwa ndani ya kahawa, babu yangu alilima kahawa, mimi ni bingwa wa kahawa, yeye ni bingwa wa bati! Sijui alitafsiri nini, maana ilichukua muda mfupi mno.

Utani kando, nilikuwa nimebanwa. Kontena tuliloshirikiana na wafanyabiashara wenzetu wa Xiaobei lilikuwa linafungwa Ijumaa mchana kule Nansha, bandarini, na Jumapili narudi nyumbani. Nikiipokea mashine inayounguza, nawaletea bati la kupikia mkaa. Nikiikataa, narudi mikono mitupu. Kila nikifumba macho namwona Ma Justina ameshika mkono wangu.

Huang laoban ndiye aliyeleta njia. Ghorofa ya tatu ya jengo lile, alisema, kuna Msweden, mzee Lasse, ambaye kwa miaka mingi ananunua mashine kwake na kuziuza kwenye mahoteli. Huyo anajua kahawa. Yeye aamue. Akisema mashine mbovu, Huang laoban atanipa nyingine iliyoko tayari. Akisema nzima, nifunge mdomo niichukue. Nikakubali. Mwanahawa akampigia simu, mtandao ukakatikakatika, akamwachia namba yangu. Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, maneno mafupi:

FIKA 3. LASSE.

Nikafurahi sana. Msweden, na anaandika Kiswahili! Wala sikushangaa. Si mnakumbuka wamisionari wa Kisweden kwetu walivyokuwa wanazungumza mpaka Kihaya cha matusi? Nifike saa tatu. Mtu wa maneno machache, nikasema, tutaelewana.

Saa tatu

Alhamisi Mwanahawa alikuwa na vipindi mpaka mchana. Nikamwambia usihangaike mwanangu, huyu anajua Kiswahili. Nikachukua teksi, nikamwonyesha dereva kadi ya jengo, na saa tatu kasoro dakika tano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Lasse, nimevaa kitenge changu cha Pasaka.

Ndani alikuwepo dada wa mapokezi, mpole, Kiingereza chake na changu vilikuwa na umri mmoja. Nikamwambia nina ahadi na Lasse. Akatazama daftari, akatabasamu, akaninyooshea vidole vitatu.

"*Three*," akasema.

"*Three*," nikamwitikia, nikanyoosha vyangu vitatu. Tukafurahi sote wawili. Kisha akanionyesha mlango wa kutokea.

"Hapana," nikasema, "*three. Now.*" Nikamwonyesha saa yangu ya mkononi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa.

Aliitazama saa. Akanitazama mimi. Akanyoosha tena vidole vitatu, taratibu. Mimi nikanyoosha vitatu nikavigonganisha na saa yangu: hii hapa, tatu, haya! Ndugu zangu, tangu utotoni mnasomeshwa kwamba mshale ukiwa kwenye tisa ni saa tatu. Unalizoea mpaka unasahau kwamba dunia nzima inasoma namba iliyoandikwa. Tulipigiana vidole pale kama watu wanaocheza karata. Mwishowe alinivutia kiti na kuniletea maji ya moto.

Nikakaa. Saa nne nikasikia tumbo linauliza chai. Saa tano. Saa sita dada akanigawia nusu ya wali wake, Mungu ambariki. Kila nikiitazama saa nawaona watu wa Nansha wanafunga kontena. Nilimkasirikia Lasse kuliko nilivyowahi kumkasirikia marehemu mume wangu, na huyo alinipa sababu nyingi zaidi.

Saa nane alasiri akaingia mzee mrefu sana, mwembamba, anainama kila mlango hata ule usiomgusa. Nikasimama.

"Ulisema fika saa tatu!" nikamfokea kwa Kiswahili. "Nimefika! Wewe umefika saa ngapi?"

Uso wake ukafunguka kwa neno moja tu. "Fika?" akasema, akatabasamu. "*Yes, yes.* Fika!" Akanyoosha vidole vitatu.

Nikarudi kwenye kiti changu.

Kafi

Ilipofika saa tisa kamili, ofisi nzima iliacha kazi. Nasema iliacha, simu moja ililia mpaka ikachoka. Watu wakavuta viti kwenye meza ndefu: dada wa mapokezi, dereva, mwanamama wa usafi, na kutoka chini Huang laoban mwenyewe, amenawa mikono, amekaa mbali na mimi viti viwili. Lasse, tajiri wao, ndiye aliyekuwa anachemsha kahawa na kuwamiminia wote, mwanamama wa usafi kwanza. Nikajiambia, huyu mzee amefilisika au ameokoka.

Katikati ya meza kulikuwa na sinia la maandazi yaliyosokotwa yakajikunja, yenye mdalasini. Nikauma moja. Iliki! Andazi la Kisweden, limepikwa China, na ndani yake kuna iliki ya Tanga. Nilipata nguvu ya kusema.

"*Mister* Lasse, mashine ile. Pipa lake linaunguza. Kontena linafungwa kesho..."

Akainua kidole, kwa upole. "Fika," akasema.

"Nimefika!"

"Fika, fika."

"Nimefika tangu asubuhi, baba! Muulize huyu dada! Nifike mara ngapi?"

Wakati huo huo Mwanahawa akaingia, anahema, begi begani. Akamsikiliza Lasse kwa Kiingereza, akaitazama simu yangu, akanitazama mimi, akaketi chini akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mama, hajui Kiswahili hata kidogo. *Fika* ni neno la kwao. Maana yake kukaa pamoja kunywa kahawa na kitu cha kutafuna. Jengo zima hili wameshalizoea. Alikualika kahawa, saa tisa alasiri. Na mkiwa kwenye fika hamzungumzi kazi. Mwiko."

"Sasa neno letu wamelipata wapi?"

Akamuuliza. Lasse akaeleza akichora vidole mezani. Zamani kwao kahawa waliiita *kafi*, na wahuni wa mjini wakaligeuza kwa masihara, la nyuma wakalileta mbele.

Mwanahawa akapiga meza. "Wallahi, mama, hiki ni kinyume! Kile tulichokuwa tunasema utotoni watu wazima wasituelewe! Ka-fi, fi-ka! Msweden anasema kinyume!"

Nilicheka, lazima niseme ukweli, japo nilikuwa nimeapa kutocheka. Mzee mwenye mvi, na biashara yake yote inasimama kila siku kwa neno la watoto wa mtaani.

Likabaki andazi moja kwenye sinia. Kila mtu alilitazama, hakuna aliyeligusa. Nikaona linateseka, nikalila. Mwanahawa akaninong'oneza kwamba kwa Wasweden la mwisho haliliwi, na kwa Wachina vile vile. Nikamwambia kwa Wahaya linaliwa, na sasa wamejua.

Lakini nilijisikia nina deni la adabu. Nikafungua mkoba nikatoa akamwani, nikawapitishia mezani kila mmoja kwa mikono miwili, kama ningefanya nyumbani kwangu. Huang laoban alisita, kisha akachukua. Lasse akatafuna, akaacha, akaitoa mdomoni akaigeuzageuza mwangani.

"Ndogo," akasema, Mwanahawa akitafsiri. "Ngumu. Hii ndiyo kahawa uliyoweka kwenye mashine?"

"Ndiyo hiyo hiyo, ila ile ni mbichi."

Alitaka kusema jambo, akaitazama saa ya ukutani, dakika kumi bado, akajizuia. Badala yake akauliza, kwa heshima kabisa, "Kwenu mnaipenda kahawa ya namna gani? Kali? Nyepesi?"

Hapa nilitaka kudanganya. Nilikuwa nimeshajiita bingwa mbele ya watu wale wale. Lakini kikombe alichonimiminia kilikuwa mbele yangu, kimejaa, kimepoa, na kila mtu alikuwa anakiona.

"Mimi sijawahi kunywa," nikasema. "Nimelima kahawa tangu naweza kushika jembe. Sijawahi kunywa kikombe cha kahawa yangu."

Mwanahawa alitafsiri polepole. Hakuna aliyecheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na chini ya aibu kulikuwa na hasira, sijui ya nani. Miaka yote hiyo wenzetu walijua ladha ya jasho letu, sisi tunajua rangi ya gunia tu.

Lasse akatazama saa. Dakika kumi zilikuwa zimeisha. Akasimama. "Sasa," akasema, "kazi."

Tulishuka wote, hata mwanamama wa usafi. Lasse akazitazama buni zetu zilizobaki, akamuuliza fundi moto aliotumia. Ulikuwa moto wa buni kubwa anazoagiza Lasse za kujaribia mashine zake. Akaupunguza, akapunguza na kiasi cha buni, akasogeza kiti akakaa, na sisi tukasimama tukisikiliza pipa likizunguka. Harufu ilianza. Buni zikaanza kupasuka, moja moja, kisha kwa pamoja. Zikamwagwa kwenye sinia: kahawia, zote sawasawa. Nikapasua moja kwa meno. Kahawia mpaka ndani.

"Mashine ni nzima," akasema Lasse. "Kahawa ni nzima. Moto ndio haukuwa wake."

Nikawa na kazi moja iliyobaki. Nikamvuta Mwanahawa. "Lile neno uliloninyima. Lete sasa." Akanipa: *duibuqi*. Nikasimama mbele ya Huang laoban nikalisema, na ulimi ukaliponda njiani. Akalirudia taratibu ili nilipate. Nikalirudia. Akanipiga begani kwa mkono ule wa kazi, karibu nianguke, akasema, "*Hao, hao.*" Halafu akamgeukia fundi wake akamfokea kwa dakika tatu, na hayo Mwanahawa hakuyatafsiri.

Lasse alizisaga palepale, akachemsha, akanipa. Kahawa yangu, ya shamba langu, ndani ya kikombe, Guangzhou. Mnataka niseme ilikuwa asali? Ilikuwa chungu. Niliinywa yote, nikalia kidogo, nikaomba kikombe cha pili ili nisionekane nalia bure. Cha pili nilikipenda.

Nansha hadi nyumbani

Ijumaa asubuhi fundi alipigilia sanduku misumari. Lasse alishuka na kalamu nene, akaninong'oneza kitu nisichokielewa, akaandika ubavuni herufi nne kubwa: FIKA. Chini yake, kwa herufi ndogo, kiwango cha moto na dakika. Tukaliwahisha Nansha kwa lori, na kontena likafungwa sanduku letu likiwa la mwisho mlangoni.

Mnajua lilivyokawia. Wiki sita, nane, kumi, na Ma Justina kila Jumapili ananiangalia badala ya kumwangalia mchungaji. Siku lori liliposimama kwake, dereva alishuka akaligonga sanduku kwa kiganja. "Mama, nani aliandika hivi? Tangu Dar kila mzani wananiuliza. Hii ni amri au dua?"

"Vyote," nikamwambia, "na ni mwaliko pia."

Siku tuliyokaanga mara ya kwanza mlikuwepo wengi. Moto wa Lasse, dakika za Lasse, buni zetu. Wakati Ma Justina anamimina, nikamwandikia Lasse ujumbe wa neno moja: IMEFIKA. Sikutegemea jibu. Simu ikatetemeka kabla sijaiweka chini.

FIKA 3. LASSE.

Nikaitazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi: saa nne, ule wakati ambao sisi sote, tangu enzi za mama zetu, tunaacha majembe tukanywe chai. Nikahesabu kwa vidole tofauti ya kule na huku. Guangzhou ilikuwa saa tisa alasiri kamili. Mzee alikuwa mezani na watu wake, mwanamama wa usafi kamiminiwa kwanza.

"Chai iko wapi?" akauliza mmoja wenu, sitamtaja.

"Leo hakuna chai," nikamwambia. "Kaa."